Torenti imekwama au inatambaa: tafuta kwanza tatizo liko upande gani

Maswali ni yaleyale. "Imeganda asilimia 99." "Jana ilikimbia, leo inatambaa." "Nina intaneti ya kasi, mbona torenti inashuka kwa kilobaiti 20?" Na majibu wanayopewa wanaouliza nayo ni yaleyale: ongeza traka (seva inayowatambulisha wapakuaji wao kwa wao), badilisha poti (namba ya mlango ambao programu hupitia mtandaoni), zima faiwoli, weka programu nyingine. Kila moja laweza kuwa dawa mahali pake. Shida ni kwamba mtu huyafanya yote kwa mkupuo, na mwisho hajui kilichosaidia wala kilichoharibu.

Torenti hushusha faili vipande vipande kutoka kwenye kompyuta za watu wengine walio nalo. Kwa hiyo hukwama kwa sababu za pande tatu: watu walio na faili unalolitaka, njia iliyo kati yako na wao, au kompyuta yako mwenyewe. Tutazipitia kwa mpangilio huo. Upande wa kwanza ndio wenye makosa mara nyingi zaidi, na ndio ambao hakuna mpangilio wowote kwenye programu yako unaoweza kuutibu. Ukiligundua hilo mapema, umejiokolea jioni nzima ya kubofyabofya.

Nazungumzia mafaili yanayogawanywa kihalali: mifumo ya Linux, LibreOffice, makusanyo ya Internet Archive, nakala za Wikipedia za kusoma bila mtandao. Yako mengi, na ndiyo yanayofaa kwa majaribio tutakayofanya.

Andaa haya kwanza

- Programu ya torenti inayoaminika na iliyosasishwa. Mifano yangu itatoka qBittorrent na Transmission, zote za bure. Deluge nayo ni nzuri. Majina ya vitufe yatatofautiana kidogo, mambo yenyewe ni yaleyale.
- Jina na nenosiri la kuingilia ruta yako, kama una ruhusa ya kuigusa. Kama mtandao ni wa kazini au chuoni, hatua za ruta ziruke; zungumza na msimamizi wake.
- Tovuti yoyote ya kupima kasi ya intaneti.
- Karatasi na kalamu, au sehemu ya kuandika. Utaandika thamani ya zamani ya kila mpangilio kabla ya kuubadilisha.

Usichohitaji ni programu zinazojitangaza kuwa "viongeza kasi vya torenti". Hazina pa kuitoa hiyo kasi, na baadhi huja na virusi.

Hatua kwa hatua

1. Soma hali iliyoandikwa mbele ya torenti.

Watu huruka hapa. "Haishuki" si hali. Programu yako inakuambia kwa usahihi zaidi. Kama imeandika *Stalled*, maana yake iko tayari kupokea lakini hakuna anayeitumia kitu kwa sasa. *Queued* maana yake iko kwenye foleni, haijaanza kabisa. *Checking* inakagua ulichonacho kwenye diski, iache imalize. *Downloading metadata* inatafuta maelezo ya faili, bado haijafika kwenye faili lenyewe. *Errored* mara nyingi ni diski au folda, ruka mpaka hatua ya 8.

Foleni huwatesa wengi bila wao kujua. qBittorrent kwa kawaida yake hupakua torenti tatu tu kwa wakati mmoja. Ukiwa na tatu zilizokwama juu ya orodha, zinaweza kushikilia nafasi huku ile nzima ya nne ikisubiri nyuma yake. Sitisha zilizokwama, au fungua mipangilio ya foleni uiambie isizihesabu torenti zinazokwenda polepole.

2. Hesabu watu.

Kuna safu mbili, *Seeds* na *Peers*. Ya kwanza ni wenye nakala kamili. Ya pili ni wapakuaji wenzako, wenye sehemu tu ya faili. Katika qBittorrent utaona tarakimu mbili, mathalani 2 (15): umeunganishwa na wawili, kati ya 15 wanaosemekana wapo.

Tofauti ya tarakimu hizo ina maana kubwa. 0 (0) maana yake hakuna mtu. 0 (15) maana yake watu huenda wapo lakini hamfikiani, au traka inakupa hesabu ya zamani. 12 (15) na bado inatambaa? Basi wote hao huenda wana laini finyu au wanagawa kwa watu wengi, na unachopata ndicho kilichopo.

Sasa tazama *Availability*, upatikanaji. Hii ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote. Faili hukatwa vipande, na namba hii huonyesha nakala ngapi za vipande hivyo zipo kwako na kwa wale uliounganishwa nao. Ikiwa 1 au zaidi, vipande vyote vipo mahali fulani, hata kama hakuna mtu mmoja mwenye vyote. Ikiwa 0.87, asilimia 13 ya faili haiko kwa yeyote kati yenu. Mtapakuliana mpaka wote mfike asilimia 87, kisha mtakaa mkitazamana.

Upatikanaji ukiwa chini ya 1 na wote wanaoonekana umeshaungana nao, kubadilisha mipangilio ni kupiga ramli. Una njia tatu. Iache programu wazi kwa siku kadhaa, maana mwenye nakala kamili anaweza kuwa anawasha kompyuta yake saa ambazo wewe umelala. Tafuta torenti nyingine ya faili hilohilo, au upakuaji wa moja kwa moja kutoka kwa mchapishaji. Au, ukipata sehemu ya faili lilelile kwingine, liweke kwenye folda ya torenti kwa jina lilelile kisha uagize ukaguzi upya (*Force recheck*): programu itachukua vipande vinavyolingana na kutupa visivyolingana.

3. Jaribu torenti ambayo unajua ni nzima.

Nenda kwenye tovuti rasmi ya Ubuntu au Debian, chukua torenti ya toleo jipya, na uiache ishuke kwa dakika tano hadi kumi. Matoleo hayo huwa na wenye nakala kamili wengi sana, kwa hiyo watu si kikwazo tena.

Ikikimbia, laini yako, ruta yako, poti yako na diski yako ziko sawa vya kutosha. Tatizo liko kwa watu wa ile torenti nyingine. Rudi hatua ya 2 na usiendelee mbele. Nasisitiza hili kwa sababu watu huona Ubuntu imekimbia, kisha bado wanaingia kwenye ruta kupekua.

Ikitambaa nayo, endelea.

4. Pima laini, na ulinganishe vipimo vinavyolingana.

Funga programu ya torenti kabisa, pima kasi, andika kasi ya kupakua na ya kupakia. Mtoa huduma hutangaza kwa megabiti, programu ya torenti huonyesha kwa megabaiti au kilobaiti. Baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde hufikia megabaiti 2.5 kwa sekunde, basi. Anayeona 2.3 hapo na kulalamika ameshapata karibu yote aliyolipia.

Kama unatumia Wi-Fi, pima tena kwa kebo. Ikiwa tofauti ni kubwa, umepata mhalifu bila kugusa torenti.

5. Rekebisha kikomo cha kupakia.

Hapa kuna nadharia kidogo, haikwepeki. BitTorrent, tangu Bram Cohen alipoitoa mwaka 2001, hujengwa juu ya kupeana: mwenzako ambaye bado anapakua hupendelea kuwapa wale wanaompa. Kila baada ya sekunde chache programu yake huchagua upya wa kuwahudumia, na huacha nafasi ya kumjaribu mtu mpya. Ukibana upakiaji wako uwe kilobaiti 1, kila mmoja wao atakuweka nyuma.

Lakini kuuacha bila kikomo nako ni kosa. Laini nyingi za nyumbani hupakia kwa kasi ndogo kuliko zinavyopakua. Ukijaza njia ya kupakia, hata zile taarifa fupi ambazo kompyuta yako hutuma kusema "nimepokea, lete nyingine" zinakwama kwenye msongamano, na upakuaji unaanguka.

Weka kikomo kwenye takriban asilimia 80 ya kasi uliyopima ya kupakia. Ulipima megabiti 4? Hizo ni kilobaiti 500 kwa sekunde, weka 400. Kikomo cha kupakua kiache 0, ambayo kwenye qBittorrent maana yake ni "hakuna kikomo".

Kisha tazama kama umewasha hali ya kasi ya kupunguzwa bila kujua. Transmission ina kialama cha kobe, qBittorrent ina kialama cha kipimakasi chini ya dirisha. Bofyo moja la bahati mbaya na torenti zote zinaanza kutambaa. Kagua pia ratiba: kama upungufu huja saa zilezile kila siku, huenda wewe mwenyewe uliupanga zamani.

6. Fungua poti.

Hatua hii ni ndefu, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Bila poti iliyo wazi bado utapakua, lakini kwa kawaida wewe ndiye utakayelazimika kuwapigia wengine hodi. Wao hawawezi kukupigia. Na mwenzako ambaye naye poti yake imefungwa, mara nyingi hamtakutana kabisa. Kwenye torenti yenye watu elfu hutaona tofauti. Kwenye torenti yenye wanne, hao wasiofikika wanaweza kuwa ndio wenye vipande unavyovikosa.

a) *Linganisha anwani kabla ya kufanya lolote.* Ingia kwenye ruta, tafuta anwani ya IP ya upande wa intaneti (WAN). Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikifanana, endelea na (b). Zikitofautiana, na ya kwenye ruta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata ufungue poti zote za ruta, hodi haifiki kwako. Muulize kama anatoa anwani ya umma au IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti). VPN inayoruhusu kuelekeza poti nayo hutatua, ila nyingi haziruhusu. Vinginevyo kubali kuishi na poti iliyofungwa, ruka mpaka hatua ya 7.

b) *Chagua poti moja isiyobadilika.* Chukua namba yoyote kati ya 49152 na 65535. Epuka 6881 hadi 6889: ni poti za jadi za BitTorrent, na mitandao mingine huzibana kwa kuzijua. Zima chaguo la kubadilisha poti kila programu inapofunguliwa.

c) *Jaribu njia rahisi kwanza.* Washa UPnP na NAT-PMP (njia za programu kuiomba ruta ifungue poti yenyewe) kwenye programu, na UPnP kwenye ruta kama ipo. Anzisha programu upya. Ikikubali, umemaliza.

d) *Ikikataa, elekeza kwa mkono.* Kwenye ruta, ipe kompyuta yako anwani ya ndani isiyobadilika, kisha elekeza poti uliyochagua kwenye anwani hiyo, kwa TCP na UDP (namna mbili za kusafirisha data) zote mbili. Anayesahau kudumisha anwani ya ndani huona mambo yakifanya kazi leo, kesho kompyuta inapewa anwani nyingine, na poti inaelekea kwa televisheni.

e) *Ruhusu programu kwenye faiwoli ya kompyuta.* Iruhusu programu yenyewe kwa jina. Usizime faiwoli nzima, na usiiweke kompyuta kwenye DMZ ya ruta; hapo umeacha kila mlango wazi kwa ajili ya mgeni mmoja.

f) *Pima programu ikiwa imefunguliwa.* Transmission ina kipimo chake kwenye mipangilio ya mtandao. qBittorrent huonyesha alama ya hali ya muunganisho chini ya dirisha. Weka kipanya juu yake usome. Wengi hupima poti kwa tovuti huku programu imefungwa, wanaambiwa "imefungwa", kisha wanaanza kubomoa kile walichokwisha kujenga sawasawa. Poti isiyo na programu inayosikiliza nyuma yake huonekana imefungwa daima.

7. Kagua njia za kutafutia watu.

Hakikisha DHT na PEX zimewashwa. Kwa hizo programu hupata wenzako hata traka ikiwa imekufa. Tazama chini ya dirisha idadi ya nodi za DHT: ikibaki 0 kwa dakika kadhaa, UDP inazuiwa mahali fulani, mara nyingi na faiwoli. Torenti za faragha huzima DHT na PEX zenyewe kwa makusudi. Huko traka ndiyo njia pekee, usihangaike.

Kuhusu kubandika orodha ya traka mia moja: traka haitengenezi watu. Inakutambulisha kwa wale tu waliojiandikisha kwake kwa torenti ileile. Ongeza chache zinazofanya kazi kama torenti ilikuja na traka iliyokufa, zaidi ya hapo ni mapambo.

8. Tazama diski na folda.

Nafasi imeisha? Diski ya nje imechomoka au imebadilisha herufi? Diski iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, na torenti ya faili kubwa itaanguka hapo kila mara. Hamishia kwenye exFAT au NTFS, lakini kumbuka kuumbiza diski hufuta vilivyomo. Kwenye Windows, njia ndefu ya folda ndani ya folda nayo huleta hitilafu. Pakua karibu na mzizi wa diski. Diski ya zamani ya kuzunguka ikiandika torenti tano kwa pamoja huweza kuwa ndiyo breki yenyewe. Jaribu moja.

9. Punguza miunganisho.

Ushauri maarufu ni kuongeza. Kwa ruta za bei nafuu fanya kinyume: weka jumla ya 200, na kama 50 kwa kila torenti. Dalili ya ruta iliyolemewa ni kwamba torenti ikianza, hata kurasa za kawaida za wavuti zinagoma kufunguka, na ukizima na kuwasha ruta mambo yanatulia kwa muda kisha yanarudi.

10. Mwisho kabisa, mshuku mtoa huduma.

Namweka mwisho kwa sababu ndiye anayelaumiwa wa kwanza. Kubana torenti kupo: mwaka 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliikemea kampuni ya Comcast kwa jambo hilo. Ili kupata fununu, pakua faili kubwa lilelile la Ubuntu kwa njia ya kawaida ya kivinjari, kisha kwa torenti, saa ileile. Kivinjari kikikimbia na torenti ikitambaa, na hatua zote za juu ziko sawa, badilisha mpangilio wa usimbaji fiche (*encryption*), unaoficha mazungumzo ya torenti. Acha kwenye *Allow* au *Prefer*. Ukilazimisha, utawakosa wenzako wasioutumia. Soma pia masharti ya kifurushi chako: huenda umevuka kiwango cha matumizi, na kila kitu kimepunguzwa, si torenti pekee.

Makosa yanayojirudia

Kubadilisha mambo matano kwa pamoja. Badilisha moja, subiri dakika kumi, andika ulichoona.

Kufuta torenti na kuianza upya ilipofika asilimia 80. Huongezi watu kwa kufuta, unapoteza ulichonacho. Ukilazimika kuiondoa kwenye orodha, usitie alama kwenye kisanduku cha kufuta mafaili, ili ukiirudisha uikague na kuendelea.

Kuhukumu kasi ndani ya nusu dakika ya mwanzo. Programu inahitaji muda wa kupata watu, kuungana nao, na kupata vipande vya kwanza vya kubadilishana.

Bado inasumbua?

*Imeganda asilimia 99 na kitu.* Angalia upatikanaji kwanza. Ukiwa juu ya 1, kipande cha mwisho huenda kiko mikononi mwa mtu mwenye laini finyu, au kilifika kikiwa na kasoro na kukataliwa, kwa sababu kila kipande huhakikiwa kwa hashi (alama yake ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na data yenyewe) kabla ya kupokewa. Sitisha, endelea, na ikishindikana agiza ukaguzi upya. Kama torenti ina mafaili mengi, tazama ni lipi hasa halijakamilika. Mara nyingi ni kifaili cha maelezo usichokihitaji.

*Kiungo cha magneti hakipati metadata.* Kiungo hicho hubeba utambulisho wa torenti tu. Orodha ya mafaili na hashi zake lazima zitoke kwa mtu aliye nazo. Nodi za DHT zikiwa 0, rudi hatua ya 7. Zikiwa mamia na bado kimya, huenda hakuna mtu. Tafuta faili la .torrent lenyewe, litakuondolea hatua hiyo, ingawa halitakuletea watu.

*Asilimia inashuka baada ya ukaguzi.* Kuna kitu kinaharibu data baada ya kuandikwa. Antivirusi inayofuta au kuhamisha mafaili, programu nyingine inayoyahariri, au diski inayokufa. Ikitokea tena na tena kwenye torenti tofauti, nakili vitu vyako muhimu kwingine leo, kisha pima diski na kumbukumbu ya kompyuta.

*Inaanza kwa kasi, kisha inakufa baada ya dakika chache.* Hatua ya 9, halafu ya 5. Kwenye kompyuta mpakato na simu angalia pia kama mfumo unalala au unabana matumizi ya betri.

*Kasi inapanda na kushuka kila sekunde.* Hilo si tatizo. Tazama wastani wa dakika kumi.

Ukiamua kuomba msaada, tuma haya kwa pamoja: hali iliyoandikwa mbele ya torenti, tarakimu za *Seeds* na *Peers* pamoja na zilizo kwenye mabano, upatikanaji, ujumbe wa traka, hali ya poti, na kasi uliyoipata kwenye jaribio la hatua ya 3. Usipovituma, jibu la kwanza utakalopata litakuwa swali la kuviomba.